FIDIA ALILIPWA NANI?



Twaandika habari hizi kwa sababu tumechoka kusikia neno moja. Kila panapofanywa sherehe ya reli, husimama mgeni mheshimiwa akasema ya kwamba reli hii ilijengwa ili kuvunja biashara ya watumwa, na ya kwamba sisi tunaoifanyia kazi yatupasa kuukumbuka wema huo na kupunguza kunung'unika. Hivi karibuni tumelisikia tena. Tukapewa na kijitabu, chenye picha ya garimoshi upande mmoja, na upande wa pili picha ya mnyororo uliokatika.

Wengi wetu tulisoma shule za misheni, tukafika darasa la nane hivi, basi. Somo hilo twalijua kwa moyo. Livingstone alihuzunika. Bwana Frere akatumwa kutoka Uingereza. Balozi Kirk akambana Sultani Barghash mpaka akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873, soko la Unguja likafungwa, kanisa likajengwa mahali pake, watu wakawa huru. Mwalimu akafuta ubao, tukaingia hesabu.

Hatusemi ya kwamba ni uongo. Soko lilifungwa kweli, na kanisa liko. Twasema ya kwamba kilichopigwa marufuku mwaka 1873 ni soko na kusafirisha watu kwa majahazi, si utumwa wenyewe. Aliyelala mtumwa huko Malindi usiku wa tarehe 5 Juni aliamka mtumwa asubuhi ya tarehe 6, akachukua jembe akaenda kulima mtama wa bwana wake. Katika sheria ya pwani hii yetu, utumwa haukuondolewa mpaka tarehe 1 Oktoba 1907. Hiyo ni miaka 34 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule soko lilipofungwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku sheria ilipomtambua kuwa mtu.

Sasa tuitazame reli, maana hiyo ndiyo nyumba yetu.

Ni kweli reli ilitajwa katika habari za utumwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mjini Brussels mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa katika Afrika, na katika kifungu cha kwanza kabisa wakazitaja njia za kufanya hivyo, mojawapo ikiwa kujenga barabara, na hasa reli. Hoja yao ilikuwa hii: pembe za ndovu zatoka bara kichwani mwa mpagazi, na mpagazi mara nyingi ni mtumwa, garimoshi likibeba pembe, mpagazi hatatakiwa tena. Kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo fedha zake zilikuwa zikikauka, iliukamata mkataba huo kwa mikono miwili, ikaiomba Serikali ya Uingereza isaidie gharama za kupima njia. Njia ikapimwa mwaka 1891 na 1892. Kampuni yenyewe haikuishi mpaka kuliona garimoshi. Serikali ikaichukua nchi mwaka 1895 na reli ikaanza Mombasa mwaka 1896.

Haya basi, hesabuni nasi. Reli ilianza 1896. Ikafika Nairobi 1899. Ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Utumwa katika ukanda wa pwani ukaondolewa kisheria 1907. Kwa hiyo kwa miaka 11 reli iliyoambiwa ni shoka la kuukata utumwa ilianzia safari yake katika nchi ambamo sheria ilikubali mtu kuwa mali ya mtu. Mawe yalipakuliwa pale, mataruma yakalazwa pale, wakubwa wakapanda daraja la kwanza pale, na nje ya dirisha, mashambani, watwana na wajakazi walikuwa wakipalilia. Kama hilo lilikuwa shoka, lilikuwa shoka lililotundikwa ukutani.

Kwa nini kuchelewa? Sababu zimeandikwa, wala si siri. Mwaka 1895 Sir Arthur Hardinge aliwaahidi wakubwa wa pwani ya kwamba dini na desturi zao hazitaguswa chini ya utawala mpya, na umilikaji wa watumwa ukahesabiwa humo. Kisha Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, na Waingereza hawakutaka kuongeza maadui. Tena walihofia mashamba kufa na ushuru kupungua. Na tena, hili ndilo tulitakalo mlishike, walihofia hesabu ya fidia.

Mkisikia fidia, mwafikiri alilipwa yule aliyefanyishwa kazi bure. La. Alilipwa yule aliyemfanyisha.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa mambo haya. Uingereza ilipoondoa utumwa katika makoloni yake ya sukari kwa sheria ya mwaka 1833, Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti moja. Tena waliambiwa wangoje, waitwe wanafunzi wa kazi, waendelee kufanya kazi kwa mabwana wale wale bila mshahara kwa sehemu kubwa ya juma, mpaka mwaka 1838 jambo hilo likashindikana likavunjwa. Fedha zile zilikopwa, na deni lake halikumalizwa kulipwa mpaka mwaka 2015. Ndugu, someni tena mwaka huo. Wajukuu wa wajukuu wa watumwa waliohamia Uingereza kufanya kazi ya mabasi na hospitali walikatwa kodi kulipia bei ya babu zao, nayo bei ilikwenda kwa waliowamiliki.

Haiti ni vibaya zaidi. Wale walijikomboa wenyewe kwa vita, wakatangaza taifa lao mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka manowari ikadai faranga milioni 150 kwa ajili ya waliopoteza mashamba na watu. Mtumwa aliyeshinda vita akatozwa fidia.

Sasa mje Unguja. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa kitini na Waingereza baada ya mizinga ya Agosti 1896, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Isomeni amri hiyo kama mnavyosoma mkataba wa kazi, yaani polepole na kwa mashaka. Haikusema watumwa wote wako huru. Ilisema mahakama hazitamsikiliza tena bwana anayedai mtu wake. Mtumwa mwenyewe atoke shambani, aende kwa ofisa, aombe. Bwana akithibitisha ya kwamba alimmiliki kwa haki, alipwe na Serikali. Na yule aliyekwisha kupewa uhuru yampasa kulipa kodi, au kutoa kazi ya nguvu, kama Serikali itakavyoamua. Tena yampasa kuonyesha ya kwamba ana makao maalum na njia ya kupata riziki, na asipoonyesha atahesabiwa mzururaji. Na makao hayo yakiwa katika ardhi ya mtu, amlipe mwenye ardhi kodi, ambayo yaweza kuwa kazi.

Ardhi ilikuwa ya nani? Ya mabwana. Basi mtu alitoka shambani akiwa mtumwa, akaenda kwa ofisa, akarudi shamba lile lile akiwa huru, akapiga jembe lile lile siku kadhaa kila juma ili aachiwe kibanda chake kile kile. Tofauti ilikuwepo, hatuikatai. Hakuweza kuuzwa. Mtoto wake hakuwa wa mtu. Aliweza kuondoka, ikiwa alikuwa na mahali pa kwenda. Hiyo si haba kwa mtu aliyekuwa hana hata hiyo. Lakini bwana alipata fedha na akabaki na mfanya kazi, na mfanya kazi alipata karatasi.

Na wanawake? Hapa vitabu vya shule vimenyamaza kabisa. Amri ya 1897 iliwaweka masuria kando. Suria alihesabiwa kama mke, hakuweza kwenda kudai uhuru kama wengine, isipokuwa kwa sababu kama vile ukatili. Ilingojewa mpaka mwaka 1909 ndipo naye akaruhusiwa kuondoka, lakini akiondoka bila idhini ya bwana alipoteza haki ya watoto wake. Mama yeyote anayesoma karatasi hii aseme mwenyewe kama huo ni mlango au ni ukuta uliochorwa mlango.

Tanganyika nako msidhani palikuwa pepo. Wadachi, ambao nao waliingia wakisema wanakuja kuzuia biashara ya Waarabu, hawakuondoa utumwa kabisa mpaka walipofukuzwa. Walitoa amri mwaka 1904 ya kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliokwisha kuzaliwa waendelee. Sheria ya kuufuta ikaja mwaka 1922 chini ya Waingereza.

Basi ikiwa makaratasi yalikuwa namna hiyo, nani hasa aliuvunja utumwa wa pwani hii? Jibu letu ni fupi: walikuwa watoro.

Watu waliokimbia mashamba ya Malindi, Mambrui, Takaungu na Mombasa hawakungoja 1907. Tangu miaka ya 1870 na 1880 walijenga vijiji vyao nyuma ya mabwana, porini, kama Fuladoyo na Makongeni, wakalima, wakajilinda kwa bunduki na mishale. Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa, Wangindo, walioletwa kwa njia ya Kilwa, hawakuwa na ukoo hapa wala kaburi la babu, lakini walijua kuhesabu siku na kusoma nyota. Wengine walikuwa watu wa hapa hapa waliowekwa rehani wakiwa watoto wakati wa njaa, na rehani haikukombolewa kamwe.

Wengi wakakimbilia misheni Rabai. Hapo tumtaje mtu mmoja ambaye hatukumsikia darasani, ingawa darasa lilikuwa la misheni: William Jones. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa India pamoja na Waafrika wengine walioitwa Wabombei, akafundishwa ufundi na dini huko Nasik. Akarudi Mombasa akawa mwalimu, kisha mwaka 1885 akawekwa kuwa shemasi. Mwaka huo huo alifuatana na Askofu Hannington, na askofu alipouawa njiani karibu na Buganda ni Jones aliyewarudisha pwani waliobaki. Rabai ikawa mikononi mwake. Watoro wakaja, mmoja, kumi, mamia, naye aliwapa mahali, ijapokuwa wakubwa wa misheni walikuwa wamewaahidi mabwana ya kwamba hawatawapokea watoro.

Mwaka 1888 mabwana walikasirika, ikawa karibu vita. Ndipo Bwana Mackenzie wa ile Kampuni akahesabu watoro wote waliokuwa misheni, wakawa zaidi ya 1,400, akapatana na mabwana alipe riale 25 kwa kila kichwa. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watu wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Kampuni ikasifiwa sana Uingereza. Nasi twauliza, kama makarani wa mishahara: fedha zilikwenda mfuko gani? Watu wale walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao. Waliolipwa ni waliowapoteza.

Frere Town nayo, ng'ambo ya kisiwa, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokamatwa baharini na manowari, ina habari zake. Abiria wa Kisauni wanaoshuka Kengeleni kila jioni wanaitaja kengele ile bila kuikumbuka. Ardhi ilinunuliwa kwa jina la misheni. Waliokombolewa walipewa vijumba na vishamba, na kazi, na sheria nyingi. Na kati ya waliowasimamia alikuwako mmoja, Bwana Streeter, aliyewachapa viboko na kuwafunga mpaka Balozi wa Kiingereza akaja kufanya uchunguzi mwaka 1881, naye akaondolewa. Hatuandiki haya kuitukana misheni iliyotufundisha kusoma. Mwenye kutufundisha kusoma ajue tu ya kwamba tutasoma.

Tena tusimame kidogo mahali pengine, maana kuna ndugu wanaopenda kuyatupa haya yote juu ya Waarabu na kunawa mikono. Waarabu walimiliki watumwa, ndiyo. Waswahili nao, na baadhi ya Wamijikenda, na wakubwa wa bara waliouza majirani zao. Wahindi walikopesha fedha. Wafaransa walifanya mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wapelekewe watu 1,000 kila mwaka kwa mashamba yao ya visiwani. Pembe zilikwenda Uingereza na Marekani zikawa vinanda na mipira ya kuchezea mezani. Na shuka iliyonunulia pembe na watu, ile mama zetu wanayoiita merikani mpaka leo, mnajua asili ya jina lake? Ni nguo ya Marekani, iliyofumwa viwandani kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa Waafrika kusini. Jasho la mtumwa wa ng'ambo lilimnunua mtumwa wa huku. Asiwepo wa kututajia kabila moja.

Turudi kwenye njia yetu ya chuma. Mgeni wa sherehe husahau pia kusema ni nani walioijenga. Waliletwa Wahindi karibu 32,000, kwa mkataba wa miaka mitatu, mshahara rupia 15 kwa mwezi na posho. Karibu 2,500 walikufa, na simba wa Tsavo ambao kila mtalii huulizia walikula sehemu ndogo tu ya hao. Waliobaki ni homa, kuhara, ajali na vidonda. Mkataba wa namna hiyo ulianza lini? Ulianza utumwa ulipoondolewa, mwaka 1834, wenye mashamba ya miwa ya Mauritius walipotaka watu wa badala. Akiacha kazi kabla ya siku zake, mtu alihukumiwa kama mhalifu. Alikuwa mtu huru, lakini uhuru wake ulifungiwa sandukuni miaka mitatu.

Pamoja nao walifanya kazi watu wa pwani. Na hapa ndipo penye neno letu wenyewe. Neno kibarua latoka wapi? Latoka katika barua. Unguja zamani, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, kibarua, akakirudisha jioni apate ujira. Na wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao waende mjini kutafuta kazi: kuchukua mizigo, kusafisha sandarusi katika maghala, kujenga nyumba za mawe, kupakia majahazi. Jioni mtumwa alimpelekea bwana sehemu ya fedha, mara nyingi nusu, mara nyingine zaidi. Bwana alikuwa ameketi barazani mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kumiliki. Wapagazi wa misafara vivyo hivyo, hata misafara ya Kampuni iliyojisifu kuwakomboa watu: aliyebeba mzigo kutoka Mombasa mpaka Uganda aliporudi akiwa hai, bwana alikuwa mlangoni akimngoja agawe.

Hatusemi kibarua wa leo ni mtumwa. Mtumwa alikamatwa, aliuzwa, alizaliwa katika mali ya mtu, na akifa aliandikwa kuwa hasara ya mtu mwingine. Anayelinganisha hivi hivi tu anawakosea waliokufa njiani Kilwa. Lakini ule mkono unaoingia kati ya kazi na mshahara twautambua. Katika kazi moja ya kutengeneza njia, ambayo hatutaitaja, mwenye kandarasi huleta vijana alfajiri ndani ya lori. Aliyempa kandarasi humlipa kwa kila kichwa. Kijana hapati fedha hiyo, hupata kinachobaki. Hajui mwenzake katozwa kiasi gani. Hana barua ya kuajiriwa. Afadhali ya yule wa zamani aliyekuwa walau na kikaratasi mkononi. Taruma likimwangukia mguuni, nyapara humtafutia matatu. Nasi tulipouliza ofisini jina la mwajiri wa vijana hao, tuliambiwa na ofisi moja twende nyingine, na ile nyingine ikatuambia turudi ile ya kwanza.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 30, yasema mtu asishikwe katika utumwa wala utwana, wala asilazimishwe kazi. Kifungu chafaa sana. Hakisemi lolote juu ya anayekula nusu.

Kuna mahali pengine ambapo mwaka 1907 haujaisha, nako ni katika ardhi. Utumwa ulipoondolewa, mahakama zikawalipa mabwana fidia kwa kila aliyewatoka. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye dai aje aonyeshe. Waliokuwa na dai la kuonyesha ni wenye karatasi, mashahidi na wakili; na ardhi isiyo na karatasi ikaandikwa kuwa ya Serikali. Mtwana wa jana alikuwa na nini cha kuonyesha? Miembe aliyoipanda? Aliambiwa miembe ni yake, udongo si wake. Mmijikenda aliyelima bonde la Sabaki baada ya watumwa kuondoka aliambiwa vivyo hivyo. Wajukuu wao ndio hao tuwaitao maskwota, Kilifi, Malindi, Kwale, mpaka nyuma ya stesheni na kambi tunazozijua. Kila uchaguzi wanaahidiwa hati. Mgeni mheshimiwa akipita juu ya reli awaulize wao kama mnyororo ulikatika.

Bara nako hakukuwa na watumwa wa kuwaacha huru, basi Serikali ilitafuta watu wa kazi kwa njia nyingine. Kodi ya nyumba tangu 1901, ili mtu atafute rupia. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, ambayo kwayo mtu aliyeacha kazi aliweza kufungwa gerezani. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuvikwa watu shingoni tangu 1919 na 1920, chenye alama za vidole, ili mtoro akamatwe. Angalieni neno: mtoro. Ni lile lile la Fuladoyo. Sheria ya 1918 ikamtaka aliyekaa katika shamba la Mzungu atoe siku 180 za kazi kwa mwaka. Siku 180 kwa ruhusa ya kulima kipande cha udongo. Mlowezi na bwana wa Pemba wangalikutana wangalielewana bila mkalimani.

Na kama ilivyokuwa kwa watoro, mambo hayo nayo hayakuvunjwa na wema. Watu walipigwa risasi Nairobi tarehe 16 Machi 1922 wakidai Harry Thuku afunguliwe. Mombasa nzima iliweka vyombo chini Januari 1947, bandari, reli, na boi wa nyumbani, watu wapatao 15,000, na Chege Kibachia akapelekwa kizuizini kwa kuwasemea. Kipande kikaondoka shingoni miaka ile ile. Hakuna aliyelipwa fidia kwa kukivaa.

Kwa hiyo tawi letu limeamua mambo haya. Tutawaandikia waliochapa kile kijitabu tuwaombe watie ndani tarehe 1 Oktoba 1907, maneno machache tu, chini ya picha ya mnyororo. Tutamtaka mwenye kandarasi alete majina ya vijana wake wote na kiasi anacholipwa kwa kila mmoja, na tukinyimwa tutamwita ofisa wa kazi aje alfajiri alihesabu lori. Na wanachama wa Mombasa, Rabai, Kisauni na Malindi ambao nyumbani kwao kuna hati ya uhuru ya babu au bibi, au risiti ya kodi ya shamba ya zamani, au kipande chenyewe, wamletee karani wa tawi siku ya Jumamosi baada ya kazi, ili zinakiliwe zitumike katika dai la ardhi mbele ya Tume. Kila karatasi itaandikwa daftarini mbele ya mwenyewe, na itarudishwa siku hiyo hiyo.